Nukta

Lilifika Jumanne ndani ya kreti, juu ya Fuso la vitunguu,
kilo mia na themanini za jambo nililolisema miaka sita
hadi mke wangu akaacha kuniitikia.
Vijana wanne wa Pasua walilishusha juu ya magogo ya mgomba,
wakinong'ona kama waliobeba jeneza:
taratibu, taratibu, kichwa kiko upande gani?

Chumba kilikuwa banda la kuku. Ndeonasia aliwauza wote sabini
isipokuwa jogoo mmoja, ambaye hadi leo
hulala juu ya stabilaiza kwa kuwa ina joto.
Pesa nyingine ni za kikoba.
Nyingine ni za yule ng'ombe niliyesema nimemkopesha kaka.
Hesabu kamili anayo yeye, kwenye daftari lenye picha ya twiga,
na hajanionyesha.

Kerezo la zamani nimelisogeza ukutani. Sijalifunika.
Lilitoka shamba la mkonge lililofungwa,
herufi zake zimelika, hakuna ajuaye lilizaliwa wapi.
Lilinifunza kusikia: chuma kikilia hivi, kisu ni butu,
kikilia vile, ondoa mkono.
Mara moja sikuondoa.
Ndiyo maana kwa vidole nahesabu hadi tisa
na kumi naitamka kwa mdomo.

Hili jipya lina mlango. Ukishaufunga
unachungulia kwa kidirisha, kama baba nje ya wodi ya wazazi,
na kazi inafanyika bila wewe.
Halitaki sikio. Linataka kuandikiwa.

Anaeli ndiye analiandikia, binti yangu wa chuo cha ufundi,
mistari mifupi, herufi na namba, herufi na namba,
kama mtu anayemtumia ndugu mkali ujumbe wa simu.
Nalo hutii. Maranda ya chuma huanguka
membamba, ya buluu, bado ya moto.

Jumamosi alipokwenda mazoezi ya kwaya
nikasema, ah, barua ngapi nimeandika dunia hii.
Nikaandika: kumi.
Nikabonyeza kijani.
Nilimaanisha milimita. Lenyewe likasoma kumi
za kipimo ambacho kumi zake hazitoshi unene wa unywele,
likapeleka kisu hadi kwenye moyo wa chuma.
Pah! Shilingi elfu arobaini sakafuni,
na jogoo juu ya kenchi.

Alirudi kitabu cha nyimbo kikiwa bado kwapani.
Akasoma skrini. Akaokota kipande cha kisu.
"Nukta, Baba."
Basi. La pili hakusema.

Na mimi ndiye niliyemwekea nukta kwa kalamu nyekundu,
darasa la tatu, meza ya jikoni, kibatari kikitoa moshi:
sentensi hujaifunga, umeacha mlango wazi, mbuzi wataingia!
Alilia usiku ule.
Mimi nililala.

Akanivutia kiti. "Andika tena."
Nikaandika moja. Nikaandika sifuri.
Nikasimama hapo, kile kidole kisichokuwepo kikiniwasha,
kisha nikaigonga, ndogo, nyeusi, chini kabisa ya mstari.

Bushi ilikuwa ya mashine ya kumenya kahawa
ya Mama Kessy wa Kibosho.
Alipokuja Jumatatu nikaingiza shafti mbele yake,
ikateremka yenyewe ikitoa pumzi, psss,
kama mtu anayeketi baada ya kusimama kutwa.
Aliipenda. Akaficha kuipenda.
Akaigeuza, akainusa, akatazama kidirisha, akanitazama mimi.
"Elfu kumi na tano? Si nimekuona!
Mashine imefanya kazi, wewe umekaa tu kwenye kiti."

Kweli nilikuwa nimekaa.
Nikampunguzia elfu moja,
ya kiti.